Mama Mkwe Hakutaka Kuitwa Mlalamikaji

Wakati wa Mwingereza, nikiwa bado bibi harusi mpya mjini Tabora, mama mkwe wangu aliibiwa sufuria ya shaba. Ilikuwa kubwa, ya kupikia wali wa shughuli, na mtaa mzima ulikuja kuiazima. Jumapili moja aliisugua kwa majivu, akaianika uani. Tuliporudi kutoka kanisani hatukuikuta.

"Twende polisi," akasema. Akajifunga kanga zake za sikukuu, nami nikamfuata hatua kadhaa nyuma. Nilikuwa bado namwogopa.

Kituoni tulimkuta askari kijana wa kaptula ya kaki, akasimama alipotuona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

Akacheka. Kumbe naye Mnyamwezi, wa upande wa Nzega, na salamu ya nyumbani hakuitarajia mahali pale. Wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe na za wazazi, ndipo akafungua kitabu.

Mama mkwe hakuanzia kwenye wizi. Alianzia siku mumewe, kibarua wa reli, alipoileta sufuria ile kutoka Ujiji. Askari alisikiliza sana, akaandika kidogo. Mwishowe akamsomea: "Mlalamikaji anasema kwamba..."

"Nani huyo?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi silalamiki! Tangu niolewe hakuna aliyenisikia nikilalamika. Nimekuja kusema nimeibiwa."

Nilibana kanga mdomoni nisicheke. Askari naye akainamisha uso. Akamweleza taratibu kwamba ndivyo serikali inavyomwita kila mwenye shauri.

"Hata Bwana DC?"

"Hata yeye, akiibiwa."

Hapo akaridhika, akachovya dole gumba kwenye wino na kulikandamiza kitabuni kwa nguvu, kama anayekanda unga.

Tangu siku ile, kila tukitoka sokoni tulipitia kituoni kuulizia. "Bado, mama, lakini tunatafuta," askari alikuwa akisema, na mama mkwe akimwachia karanga za kukaanga. Nilizipenda safari zile. Njiani alinisimulia alivyoolewa, alivyolia mwezi mzima akiwakumbuka wa kwao, na mambo mengine ambayo nyumbani, mbele ya wanaume, asingeyatamka. Nikaacha kumwogopa.

Kisha askari akatuambia amehamishiwa Kigoma. Tulimsindikiza stesheni.

"Na shauri langu unamwachia nani?" mama mkwe akauliza.

"Limo kitabuni, mama. Mwenzangu ataliendeleza."

"Kitabu hakitanisalimu."

Treni ilipoondoka alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kituo cha polisi hakwenda tena.

Sufuria hatukuipata. Alinunua ya aluminiamu, nyepesi, isiyokaa sawa juu ya mafiga, na kila nilipounguza wali aliilaumu sufuria, si mimi.