Kahawa ya Delbert

Delbert Hruska ameuza magari katika duka la marehemu mume wangu, hapa Lubbock, tangu ujana wake. Mteja akililia bei, Delbert humwambia, "Ngoja nikamuulize bosi." Kisha huingia jikoni, hunywa kahawa bila kumuuliza mtu yeyote, na kurudi na punguzo. Texas nzima inaujua mchezo huo, na haujawahi kulitia doa jina letu la Vandiver.

Jumamosi lilifika gari jekundu la mbio, lile linalogombewa kila mahali. Kiooni, kando ya karatasi ya bei ya kiwanda, mwanangu Clayton alibandika karatasi ya pili: dola elfu thelathini juu ya bei hiyo. Bwana Okerlund, daktari wa meno, akasema atalipa zote. Delbert, kwa mazoea, akamjibu, "Ngoja nikamuulize bosi."

Aliporudi, mteja mwingine alikuwa ameongeza elfu kumi, na Clayton ameshamkubalia.

"Aliyetangulia ndiye mwenye gari," nikajongea na kumwambia Clayton. "Baba yako hakuwa dalali wa mnada."

"Mama, hebu muulize huyo aliyetangulia."

Nikamgeukia Bwana Okerlund.

"Mama, tafadhali, niandikie nyongeza ya elfu kumi na mbili," akasema, kama anayeomba fadhila.

Nilikuja kulinda jina letu, na sasa sikujua namtetea nani. Delbert alisimama na kikombe mkononi.

"Mama Vandiver, mimi nimeshapunguza elfu mbili. Nimpe nani punguzo hilo?"

Nikamwambia akanywe kahawa nyingine.