Ngazi Moja na Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja niliyoning'inia kwenye tawi la mkorosho, mguu mmoja hewani, nami ni mtu mzima, baba wa mtoto, mchoraji wa jengo la ghorofa lililosifiwa Newala nzima. Usicheke kwanza, mwanangu. Umeniletea ramani ya jengo lako la Masasi nikuangalizie, na humo nimeona jiko la pamoja, ukumbi wa pamoja, na ngazi moja tu. Ngazi kama hiyo ndiyo iliyonipandisha mkorosho.

Kiwanja kilikuwa cha mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Chilangala na sharti lake: yeye akae chini, binti zake juu, na vyumba vingine vipangishwe. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwao mke, kwa hiyo sikuwa na la kubisha. Nikachora milango yote ifungukie ukumbi mmoja mkubwa, na ngazi ishukie hapo hapo. Nilitaka watu waonane kila siku, waishi kama ndugu. Nilijivuna sana. Nilisahau kwamba vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana.

Mama mkwe aliupenda mno ule ukumbi. Asubuhi alitandika mkeka chini ya ngazi, akabangua korosho mpaka jioni. Nawe unaijua adabu yetu: mkwe humpiti mbele, humkazii macho, unamwachia njia. Basi nikawa naketi juu ya ngazi na begi langu la kazi, nangoja aondoke. Kulikuwa na mpangaji mmoja, Myao, mtani wangu, aliyekuwa akiniita kwa upole, akidai kwamba mama ameingia ndani, nishuke. Nikishuka namkuta palepale, napanda tena mbio, na mtani anashika mbavu kwa kicheko.

Kumbe mama mkwe naye yalimfika. Siku nyingine alisikia nyayo zangu juu, akajifungia chumbani kwa heshima, akashinda humo na njaa. Mwisho akamwambia mke wangu kwamba amechoka kuwa mfungwa kwenye kiwanja chake mwenyewe, anarudi Chilangala. Na mke wangu, Mama Zuhura, akanijulisha, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mama yake akienda, yeye na binti yetu Zuhura wanamfuata. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli.

Kesho yake niliamua kumwachia ukumbi wote. Mkorosho wa nyuma ulifika dirishani kwetu, nikajitosa kwenye tawi lake. Sikujua kwamba naye, ili anipishe mimi, alikuwa amehamishia mkeka wake nyuma ya nyumba. Chini ya mkorosho. Kiatu changu kilitangulia, kikatua kwenye ungo wa korosho.

Hakuinua macho. Alijifunika khanga usoni, akamgeukia jogoo aliyekuwa akipita.

"Ewe jogoo," akasema taratibu, "mwambie Baba Zuhura hivi. Amechora nyumba ya watu kukutana, na nyumba ni nzuri. Lakini watu wanaoheshimiana hupishana pia. Anitobolee mlango wa nyuma, nami nitakaa hapa mpaka nife. Tena mwambie tawi hilo limeoza."

Nikamjibu jogoo kwamba nimesikia. Wakati huo nilikuwa tayari nashuka, na si kwa hiari yangu.

Nilipopona kiuno tukatoboa mlango wa nyuma, tukajenga ngazi ya pili. Nilidhani ukumbi utabaki mtupu, kumbe ndipo ulipojaa. Mama mkwe alibangua korosho zake humo kwa raha, wapangaji wakimzunguka, nami nikapita zangu nyuma. Kila jioni nilikuta sahani ya korosho za kukaanga kwenye ile ngazi ya pili, bila neno. Alikaa nasi mpaka Mungu alipomchukua, na siku hiyo nililia kama mtoto.

Basi shika hili, mwanangu. Mahali pa pamoja pachore, tena pawe papana. Lakini kabla hujashika penseli, uliza nani anamwonea nani haya, kisha weka mlango wa pili. Mtu hukaa kwa furaha pale anapojua anaweza kuondoka. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliishia mtini.

Mungu aubariki mkono wako, akujalie wapangaji wapole, na mkwe atakayekuambia kosa lako kabla tawi halijakatika.