Besi ya Mkono wa Kushoto

Kwetu Biharamulo, ukutani sebuleni, kulikuwa na vitu vitatu ambavyo mtoto haruhusiwi kuvigusa: picha ya harusi ya wazazi, kalenda ya kanisa, na gita la besi lililofunikwa kitenge. Picha na kalenda hazikuwa na maneno mengi. Gita ndilo lililokuwa na maneno.

Baba alisema lilikuwa la mpiga besi mmoja mashuhuri wa Zaire, ambaye simtaji jina kwa kuwa marehemu hawezi kujitetea. Gari lake liliharibika akielekea Mwanza, akala ugali kwetu, akaacha gita kama shukrani. Hiyo ndiyo habari niliyoisikia nikiwa darasa la pili. Nilipofika la saba, mgeni yule alikuwa tayari amelala kwetu siku tatu. Nilipomaliza chuo alikuwa ameomba apewe kiwanja ajenge, na siku ya kuagana amelia machozi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yangu ilitoka Kinshasa hadi Biharamulo, na kila mwaka ilizidi kurefuka.

Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha Ngara, na kazi hii imenipa ugonjwa wa kudai ushahidi hata mahali ambapo wenzangu wamekuja kula pilau. Kwa hiyo mwaka jana, kamati moja iliyokuwa ikiandaa maonyesho ya vitu vya kale ilipoomba gita likae siku moja ukumbini, jirani na boma la Mjerumani, na baba akanipigia simu niandike ukurasa mmoja wa historia yake, nilifurahi kwa nia mbaya kabisa. Nilisema moyoni, leo mzee amepatikana.

Nilifika Jumamosi. Shikamoo, marahaba, kikombe cha uji, kisha nikafunua kitenge. Jambo la kwanza nililoliona, ambalo utotoni nisingeweza kulijua, ni kwamba gita lilichongwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kushoto. Nikatoa simu, nikamwonyesha baba video za marehemu akipiga kwa mkono wa kulia.

"Simu inageuza," baba akasema bila kupepesa macho. "Wewe mwenyewe ukijipiga picha, maandishi ya shati yanasomeka kinyume. Na eti umesoma."

"Baba, huyu hakujipiga mwenyewe."

"Ulikuwepo?"

Mlangoni, juu ya kigoda, alikuwa amekaa baba mdogo. Yeye ni mdogo wake baba, seremala wa Nyantakara, na siku hizi kazi yake kubwa ni majeneza. Kila baba aliposimulia habari za gita, yeye alikuwa pembeni, na ikifika sehemu ya machozi aliitikia, "Alilia kweli." Hakuongeza, hakupunguza.

Nikaomba bisibisi. Baba akasema nitaharibu urithi wa taifa. Baba mdogo akachomoa bisibisi mfukoni, akanipa. Nilipofungua kibati cha mbele nikakuta sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. Vyuma vya shingoni vilikuwa spoki za baiskeli, zimesuguliwa kwa uangalifu hata kidole hakikwaruziki. Nikakwangua rangi kwa ukucha. Chini yake ulikuwa mninga, mwekundu, kama huu wa misitu yetu.

"Hata Zaire kuna mninga," baba akasema, na hapo kwa bahati mbaya alisema kweli.

Nikamrudishia baba mdogo bisibisi. Akalichukua gita magotini, akaanza kukaza kibati. Alikaza kwa mkono wa kushoto, ule aliochapiwa shuleni mpaka akaacha shule. Macho yake yalikuwa uani, yanafuata kuku, lakini mkono ulikwenda kwenye kila skrubu bila kupapasa.

 Alipoaga nilimsindikiza hadi barabarani.

"Baba mdogo, ulilitengeneza wewe."

Aligeuka kwanza kutazama kama baba anasikia.

"Tulikuwa na bendi," akasema. "Baba yako anaimba, mimi napiga besi. Harusi ya kwanza ilikuwa Mabawe. Mtu akauliza gita limetoka wapi, nikasema nimelichonga mwenyewe. Wakacheka. Wakasema wamekodi bendi, hawakukodi jeneza lenye nyuzi. Walikaa kwenye viti mpaka tukafunga vyombo. Harusi ya pili, kabla sijafungua mdomo, baba yako akasema limetoka Zaire. Gita lile lile, mikono hii hii. Walicheza mpaka bibi harusi akavua viatu."

"Na wewe ukakubali?"

"Mwanangu, mimi nilitaka wacheze."

Nilikasirika. Niliwakasirikia watu wa Mabawe, nikamkasirikia baba, ambaye kwa kurudia rudia alikuwa ameuamini uongo wake mwenyewe. Kisha nikajikasirikia. Miaka yote nilihangaika kuthibitisha kwamba gita halikuwa la yule mtu mkubwa, na sikuwahi hata mara moja kuuliza, basi ni la nani?

Nikaandika ukurasa wa kweli. Nyantakara, mninga, spoki, sumaku, na jina kamili la baba mdogo. Nikampelekea mwenyekiti wa kamati, bwana mwenye kizibao cha mifuko kumi ambayo yote ilikuwa mitupu. Alisoma, uso ukamshuka.

"Mwalimu, kama gita ni la hapa hapa, historia yake iko wapi?"

"Ndiyo hiyo uliyoisoma."

"Huu ni useremala. Watu hawawezi kutoka Ngara kuja kutazama useremala. Wanao kwao."

Akasema ama karatasi ibadilike, ama gita lirudi nyumbani. Mimi nilikuwa tayari lirudi. Baba mdogo ndiye aliyekataa.

"Acha likae," akaniomba. "Sijawahi kuliona juu ya meza yenye kitambaa."

Nikaandika ukurasa mwingine, wa mgeni, ugali na machozi, na chini kabisa nikabakiza sentensi moja ya kwangu. Kamati ikaupitisha kwa kuwa hakuna aliyesoma hadi chini.

Siku ya maonyesho watu walipanga foleni. Baba alivaa suti, akasimulia upya, na katika masimulizi yake mgeni akalia tena, safari hii pamoja na dereva wake. Baba mdogo alisimama mezani na koti lake la kazi, vumbi la mbao begani. Bwana mmoja karibu naye aliinama, akapitisha kidole kwenye shingo ya gita.

"Tazama kazi ya kiwandani," akasema. "Hawa mafundi wetu hata mlango hawawezi kukufungia."

"Kweli kabisa," akaitikia baba mdogo.

Bwana alipoondoka, akanivuta mkono. Alisema amesahau miwani, nimsomee ile karatasi. Nikamsomea kwa sauti ya chini, yote, hadi kwenye sentensi yangu: "Gita hili lilitengenezwa kwa mkono na fundi hodari asiyejulikana."

"Rudia hapo mwisho."

Nikarudia.

"Rudia tena," akasema, macho yake kwenye gita. "Lakini uishie kwenye hodari."