Mvi za Mzee Kambi

Kijijini kwao, huko Magarini, wazee wameuawa na jamaa zao wenyewe, wakiitwa wachawi kwa sababu ya mvi. Mzee Kambi naye alipoanza kunong'onwa, alimwomba Kache, mke wa mwanawe, ampake piko, rangi ya nywele, ziwe nyeusi.

"Sikupaki, baba," Kache akamjibu. "Mvi hizo kakupa Mungu. Twende nazo kanisani."

Jumapili wakapita mbele ya vijana wa ukoo, mzee kavua kofia, mvi zikionekana.

"Mama mdogo, watembea na mchawi?" mjukuu mmoja akacheka.

"Mwamkie babu yako kwanza," Kache akasema. "Kwangu ndiko anakolala, nami nalala mlangoni. Anayetaka kumuua ataanza na mimi."

"Shikamoo, babu," kijana akasema.

"Marahaba."

Jumapili iliyofuata, majirani wawili walimngoja Kache njiani waende naye kanisani, kila mmoja na mzee wake mwenye mvi, kofia mkononi.