Binti Aliyekuwa Akionja Vyungu vya Mama Yake

Saa nne asubuhi, Kisa Mwaisaka anainua birika kutoka kwenye mafiga na kumimina maji ya moto ndani ya chungu. Ulezi uliochachuka unapanda, unatoa povu, unatulia. Anachomeka mirija sita, anakibeba chungu kwa mikono miwili hadi kwenye benchi la wazee waliotoka kupalilia mpunga, kisha anarudi nyuma hatua mbili.

"Nani mkubwa leo?" anauliza.

"Huyu hapa. Alizaliwa kabla ya barabara," anajibu mmoja, na benchi zima linacheka.

Mzee anayesemwa anavuta mrija wake kwanza. Anameza, anafuta midomo. "Nzuri, Mama Eliza. Haya, wenzangu."

Ndipo wengine wanainama kunywa.

Kisa, mwenye umri wa miaka 38, hupika kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija, na kuiuza uani kwake hapa Mwaya wilayani Kyela. Ameifanya kazi hii miaka kumi na minne. Siku ya kawaida huuza vyungu vinane, na Ijumaa hufika kumi na tano. Yeye na mumewe wana shamba dogo la mpunga na miti michache ya kokoa, lakini sare, madaftari na sabuni za watoto watatu hutoka kwenye vyungu.

Kuna desturi ambayo kila mnywaji wa huku anaijua. Anayeleta chungu huonja kwanza, mbele ya macho ya wageni, waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Asipoonja, hawanywi.

Kwa miaka mingi Kisa alionja mwenyewe. Kisha akapata vidonda vya tumbo, na daktari akamkataza pombe hata tone. Mwanawe wa kwanza, Elizabeth, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyekuwa akileta maji ya moto, basi akawa ndiye wa kuonja.

"Sikuliona kama jambo," anasema Kisa. "Niliona ni heshima. Mtoto ana adabu, anapiga magoti, anavuta mrija, anaondoka. Wazee walikuwa wakimsifu."

Walimsifu, na walimtania pia. Akivuta kidogo, waliguna: "Onja vizuri wewe, unatuficha nini?" Elizabeth akawa anavuta kwa nguvu.

Sheria inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka kumi na nane. Lakini Elizabeth hakuwahi kuuziwa. Hakuna aliyemhesabu kuwa mnywaji, hata mama yake.

"Mwanzoni ilikuwa chungu mdomoni," anasema Elizabeth, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano na ameomba mwenyewe jina lake liandikwe, "ili wengine wajue." Anaongea polepole, macho chini, vidole vikichezea ukingo wa sketi ya shule. "Nilipofika kidato cha kwanza nilikuwa nasubiri vyungu. Kukiwa hakuna wateja nakasirika. Asubuhi kabla ya shule navuta kilichobaki jana, la sivyo mikono inatetemeka, siwezi kuandika."

Aliyegundua ni mwalimu wake wa Biolojia, Generosa, mzaliwa wa Kagera aliyehamishiwa Kyela miaka mitatu iliyopita. Binti alikuwa akisinzia darasani na kunuka pombe. Mwalimu hakumchapa wala hakumwita mzazi ofisini. Jumamosi moja mwezi wa pili mwaka jana alifunga kanga, akaja mwenyewe kilabuni, akakaa kwenye benchi la pembeni.

"Mugonile," aliwasalimu wazee kwa Kinyakyusa cha kujifunza, wakafurahi. Wengine walidhani amekuja kunywa.

Alikaa saa nzima. Kisha akamwita Kisa kando.

"Mama Eliza, huyu binti amekunywa kwenye vyungu vinne mbele yangu."

"Hajanywa, Mwalimu. Ameonja."

"Ameonja mara ngapi tangu asubuhi?"

Kisa aligeuka nyuma.

"Nikamwangalia mtoto wangu," anakumbuka. "Alikuwa amesimama na birika. Macho mekundu. Kila siku namwona, nampikia, namsuka nywele. Sikuwa nimemtazama."

Mwalimu angeweza kupeleka suala hilo kwa mtendaji wa kata, na Kisa anasema angestahili adhabu. Badala yake alimweleza kwamba kwao nako kuna pombe ya ndizi na desturi ileile. "Ila kwetu anaonja mwenye nyumba," alisema. "Mtoto hapana. Niachie binti, akae kwangu kwanza. Hapa hawezi kuacha."

Elizabeth alihamia nyumbani kwa mwalimu. Siku kumi za kwanza zilikuwa ngumu: jasho, kutapika, maneno makali. Mwalimu alimpeleka zahanati, na muuguzi akawa anapita kumwona kila jioni. Mara mbili binti alitoroka kurudi kwenye vyungu. Mara zote mbili mama yake alimrudisha kwa miguu, wamekamatana mikono.

Kilabuni nako kukachafuka. Kisa alitangaza kuwa hakuna mtoto atakayegusa chungu chake tena, na yeye mwenyewe haonji. Minong'ono ikaanza. "Kisa, umeweka nini humo unachokiogopa?" Wateja wakahama. Kutoka vyungu vinane akabaki na viwili, kisha sifuri.

"Pombe ikaharibika, nikawamwagia nguruwe wa jirani," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Walilala siku mbili. Mwenye nguruwe akaja analia eti wamekufa."

Wiki ya nne alifika Mzee Hezroni, mteja wake wa zamani. Alikaa peke yake katikati ya mabenchi matupu, akaomba chungu.

"Sionji, baba," Kisa alimwambia.

"Nimesikia. Lete." Akavuta mrija, akameza, akasema kwa sauti ili hata wapita njia wasikie: "Nina miaka sabini na mmoja. Kama ni sumu, imechelewa!"

Kesho yake alikuja na wenzake watatu. Tangu hapo kila benchi humchagua mkubwa wake aonje. Mzee Hezroni hapendi kusifiwa kwa hilo. "Sisi ndio tulikuwa tunamwambia mtoto avute zaidi," anasema. "Unasifiwa kwa kuacha ujinga?"

Kisa amezunguka kwa wapishi wenzake hapa Mwaya, mmoja mmoja. Watano wamekubali kuwaondoa watoto kwenye vyungu. Wawili walimfukuza.

"Nawashukuru wote, hata walionifukuza, maana walinisikiliza kwanza," anasema. "Mwalimu ndiye sijui nimshukuru vipi. Namwambia *ndaga fijo*, asante sana, kila nikimwona, mpaka ananiambia inatosha."

Elizabeth hajaonja pombe kwa miezi kumi na mmoja. Sasa yuko kidato cha pili, na mtihani wa taifa ni Novemba. Lakini bado analala kwa mwalimu. Nyumbani huja Jumapili tu, baada ya kanisa, na huondoka kabla mama hajawasha moto wa vyungu. Hajiamini kulala karibu navyo, na amemwambia mama yake hivyo waziwazi.

Ndiyo maana karibu na soko kuna nguzo nane zimesimama na bati chache zimeegemezwa. Mume wa Kisa anachimba shimo la tanuri. Kilabu kitahamia huko kabla shule hazijafungwa Juni, vyungu, mirija na mabenchi yote.

"Nataka mwanangu arudi alale kwenye kitanda chake," anasema Kisa. "Akifungua mlango, nyumba inukie wali tu."