Siku Niliita Mupishi pa Meza

— Utakula, Mama Delphine! Utakula mbele ya muzungu, na utakula mpaka sahani itabakia mweupe!

— Baba Delphine, tuko na myaka kumi na munane mu ndoa. Siku gani uliona kinywa yangu ikitafuna mbele ya bageni?

— Njo ile Bwana Lambrechts anatafuta kuona.

— Basi aende kwake, aangalie kinywa ya bibi yake!

Godefroid, bwana yangu, alikuwa amesimama mbele yangu, soksi moja mu muguu, ingine mu mukono, anaipeperusha sawa bendera. Yeye karani ku gare, kule treni inasimamaka, muntu wa kalamu na miwani. Miye Régine, binti ya Pweto, sijui kusoma hata jina yangu kama iko juu chini. Mungu alituunganisha, sijui alikuwa anacheka na nani.

Ilikuwa mwaka 1953, hapa Élisabethville. Wakati ile kulikuwa karte moja bantu beusi balikuwa banaitafuta sawa dawa. Ukiipata, sheria inakuhesabia sawa muzungu: unatembea mu mji hata giza ikiingia, polisi anakupigia saluti. Lakini mbele ya kukupatia, bazungu banakuja kuangalia namna unaishi. Kitanda iko na mashuka? Bibi anakulaka pamoja na bwana pa meza, ao hapana? Godefroid aliiota myaka tatu. Usiku alikuwa anaongea Kifaransa na mto ya kulalia.

Na Bwana Lambrechts, muzungu wa serikali mwenye kupatiana ile karte, alikuja kwetu kweli. Alikuta mashuka, alikuta meza, alikuta picha ya mfalme. Kisha akafungua mulango ya jikoni, akanikuta miye: chini, miguu nimenyoosha, chungu katikati ya magoti, na bukari, ugali yetu, mu shavu zote mbili. Nilitaka kusema "bonjour". Bukari ikakataa.

Muntu mwingine angepasua karatasi pale pale. Lakini yule bwana alikuwa na roho muzuri. Alimwambia Godefroid:

— Nitakupa nafasi moja ingine. Siku ya Jumatatu, saa sita ya muchana, kuko restaurant ya Mufaransa, kule mu kisiwa cha ziwa. Siku ile habapokeake bazungu bengine. Bibi yako akikula pamoja na weye sawa madame, nitaweka sahihi. Akishindwa, tusiongee tena.

Njo maana ya zile kelele za soksi.

Jirani yangu Mado, mwanamuke wa Kasai aliyesoma kwa masista, alinifundisha forsheti, ile uma ya bazungu, siku tano. Siku ya kwanza nilijichoma shavu. Siku ya pili nilichoma Mado. Siku ya tano nilikuwa naweza kufikisha ndizi moja mu kinywa bila damu. Akaniazima na corset yake, ile nguo ya kukaza tumbo ya bamadame. Mado alikuwa mwembamba sawa ufito. Miye, acha. Tulifunga kamba bantu batatu, mumoja anakanyaga ukuta.

Godefroid akanishika mabega.

— Apa, kwa kaburi ya mama yako. Hutapiga magoti. Hutafunika kichwa. Hutakimbia meza, hata nini itokee.

— Naapa, Baba Delphine.

Mado akanivua kitambala ya kichwa, akanifanyia nywele sawa kiota cha ndege.

Sasa sikiliza upumbavu wangu wa kwanza. Mama yangu alinifundisha kama mwanamuke mwenye heshima haendake kwa bantu na njaa. Unakula kwako kwanza, ukifika kule unagusa kidogo tu, banasema: aha, huyu amelelewa muzuri. Basi mbele ya kutoka niliingia jikoni, nikakula bukari ya muntu wa kulima, na samaki mukavu wa Pweto, na sombe juu, yale majani ya muhogo. Corset ilisema krr. Nikaona ni furaha yake.

Mu ziwa kulikuwa mutumbwi wa bantu sita. Tuliingia batatu tu, Godefroid, muvuta kasia, na miye katikati, na maji yakapanda mpaka kidole kimoja chini ya ukingo. Bajukuu banasema naongeza. Kweli, mara ingine naongezaka. Lakini muvuta kasia alipiga ishara ya musalaba, ile siongeze. Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, ukikohoa upande huu, bata ba upande ule banaruka. Kulikuwa migomba, maua, na nyumba ya bioo. Ndani, Bwana Lambrechts alikuwa anatungojea pa meza moja tu iliyopangwa, na nguo ya meza mweupe inashuka mpaka chini.

Boyi, mutumishi mwenye gants, zile soksi za mikono, akaleta supu. Nikainywa yote, bila sauti. Bwana Lambrechts akaangalia, akaandika kitu. Godefroid akapumua. Nikajisemea: Régine, imekwisha, twende kwetu.

Kumbe supu ni kubisha hodi tu! Ikaja mboga mu mayai. Nikakula. Ikaja nyama ya bata. Nikakula. Kila mara nilifikiri sasa tunasimama, na kila mara boyi anatoa sahani, analeta ingine, na forsheti ingine. Bukari ya asubuhi ikaanza kusukumana na bageni. Kamba moja ya corset ikapasuka: pa! Bwana Lambrechts akageuka ku dirisha, akafikiri ni muwindaji.

— Madame anapenda chakula? aliniuliza mu Kiswahili.

— Sana, bwana. Ninatamani kuwa na tumbo mbili.

Akacheka, akanimiminia divai nyekundu. Miye nilijua munkoyo, pombe ya mahindi, ile inayokuja polepole. Divai ya Mufaransa haibishe hodi. Glasi ya pili nilianza kupenda corset. Glasi ya tatu nilianza kupenda polisi.

Pale njo samaki ikafika, na mchuzi mweupe juu. Nikaweka kidogo ku ulimi. Nikasimamisha forsheti.

Ile mchuzi niliijua.

Chini ya siagi, chini ya divai, kulikuwa tusamaki tudogo tukavu twa Pweto, tumechomwa kidogo ku moto, tumesagwa unga, tumetiwa mwisho kabisa. Ni ujanja wa mama yangu. Mama alinipa miye, miye nilimupa Delphine, binti yangu, mu wiki ya ndoa yake, na nilimuapisha asiufundishe jirani. Na sasa Mufaransa ananipikia nayo, mu kisiwa! Mwenye akili angejiuliza njia gani ujanja ulipita. Miye nilikuwa na glasi tatu.

— Eh! nilisema. Mupishi huyu alizaliwa na mama!

Kitu kikanipiga muguu chini ya meza. Kiatu ya Godefroid. Nikafikiri anasema kula polepole. Nikakula polepole.

— Bwana Lambrechts, tangu nizaliwe sijakula mchuzi sawa hii kwa muntu mwingine.

Kiatu tena, na kisigino ndani. Godefroid alikuwa anakohoa, miwani imejaa mvuke, anafanya na macho sawa muntu anayefukuza nzi na kope.

— Baba Delphine, meza ni pana, nilimunongoneza, weka miguu yako kwako.

— Mama Delphine, nyamaza, nakuomba, kwa jina ya Yesu…

Lakini muntu mwenye kushikwa na divai hasikie bwana yake. Nikainua sauti:

— Bwana, miye nataka kuona mupishi. Nimupe mukono. Nimwambie asante uso kwa uso!

Bwana Lambrechts akapiga mikono.

— Ah! Madame, hivyo njo banafanyaka kule Paris! Boyi, ita mupishi.

Hapa niwaeleze kitu, juu bajukuu ba siku hizi banakaa na bamama mukwe banacheka pamoja. Kwetu, bwana ya binti yako humuonake. Ukimukuta mu njia, unaingia mu majani. Jina yake huitake, kazi yake huulizake. Mpaka siku jamaa yako inamupikia ile chakula kikubwa ya kumuingiza mu nyumba, na pale tu njo munaweza kuangaliana. Miye mukwe wangu, Floribert, bado nilikuwa sijamuingiza. Nilijua tu anafanya kazi mu jikoni ya bazungu. Na jikoni za bazungu Élisabethville zilikuwa sawa nyota. Godefroid alijua ni ipi. Alinificha, juu angeniambia, hata corset isingenifikisha ku mutumbwi.

Bwana Lambrechts akasukuma sahani yake. Akatosha karatasi mu mufuko, akaikunjua, akafungua kalamu. Godefroid akavua miwani, akaipangusa na mukono ya shati ili aone muzuri. Nilimupenda siku ile, naapa, hata na kisigino chake.

— Bwana Godefroid, alisema, leo nimeona na macho yangu. Bibi yako…

Mulango ya jikoni ikafunguka. Kofia mweupe njo ilitangulia, murefu sawa munara wa kanisa. Chini ya kofia, Floribert.

Aliniona na kinywa wazi, na samaki yake bado ndani. Akageukia ukuta, kofia ikaanguka, akabakia pale anaangalia matofali sawa mutoto wa masomo. Mukono yangu ikapanda ku kichwa kutafuta kitambala. Ikakuta kiota cha ndege tu. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, na nguo moja tu ilikuwa karibu, mweupe, pana, inashuka mpaka chini.

Nikaivuta juu ya kichwa yangu. Sahani zikaja, glasi zikaja, kalamu ikaja na wino wake, karatasi ikaja bila sahihi. Na miye, mu giza yangu ya mchuzi, nilisikia kule nje Bwana Lambrechts anatafuta mwisho wa maneno yake:

— Bibi yako… bibi yako…