Futi ya Anifa

Watu wa Maisaka walimtambua Anifa kwa mbali kwa futi yake ya kupimia nguo, ule utepe wa njano ulioning'inia shingoni tangu asubuhi mpaka anapofunika cherehani. Alikwenda nao sokoni, akapika nao, akapokea wageni nao. Mumewe, Sele, alimtania kwamba hata siku ya kuzikwa atadai kwanza aipime sanda.

Mimba yake ya pili, baada ya ile ya Muhammad, ilipoanza kuonekana, mama mkwe wake, Bibi Hadija, alimwambia aivue. Mwenye mimba, alisema, havai kitu cha kuzunguka shingo. Mtoto naye hujizungushia kamba ya kitovu.

"Mama, hii ni futi, si kitanzi," Anifa alisema huku akicheka.

Bibi hakucheka.

Mimba ilipofika mwezi wa tano akaenda kupigwa altrasaundi. Mpimaji alipitisha kifaa tumboni, akarudi palepale alipokwisha kupita, akarudi tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kamba ya kitovu ya mtoto ina kasoro. Aliendelea kusema, lakini Anifa hakusikia tena. Masikio yalikuwa yamemziba kama ya mtu aliyetumbukia majini. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka shingoni, ukaikuta futi. Akaivua. Hakungoja majibu wala maelezo. Alitoka, akashika njia ya nyumbani.

Bibi Hadija alikuwa barazani akipepeta mchele. Jambo la kwanza aliloliona ni miguu ya mkwewe.

"Mama Muhammad, kandambili hizo ni za nani?"

Anifa akatazama chini. Zilikuwa kubwa, za kiume, na hakujua alizivaaje alipotoka hospitali. Akakaa sakafuni, akaweka futi kwenye mapaja ya mama mkwe, akasema, "Ulinionya."

Alikuwa amejiandaa kusemwa. Bibi hakumsema. Aliikunja futi polepole, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, kisha akaendelea kupepeta mchele uliokuwa umekwisha kuwa safi.

Siku zilizofuata cherehani ilibaki imefunikwa. Mtoto alipocheza tumboni, Anifa alishika ukingo wa meza. Aliamini kwamba kila teke ni la mtu anayetafuta pumzi. Sele alipomuuliza walichosema hospitali, alijibu neno moja tu, kamba, naye Sele akaogopa kuuliza la pili. Mwishowe ni Bibi aliyemshika mkono akamrudisha. Alitaka kujua, alisema, kama kuna namna ya kumfungua mtoto kabla hajazaliwa.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Elieshi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Alimsikiliza Bibi akieleza habari ya shingo, akasoma majibu, akayasoma tena, akamtazama Anifa.

"Dada, nani kakwambia kamba imemzunguka shingo?"

Anifa akatazama pindo la kanga ya mama mkwe.

Elieshi akawaeleza. Ndani ya kamba ya kitovu kwa kawaida mna mishipa mitatu: mmoja humletea mtoto damu yenye chakula na hewa, miwili huirudisha kwa mama. Ya mtoto huyu ilikuwa na mmoja tu wa kurudisha. Hali hiyo huanza mapema sana, mimba ikiwa changa, wala haitokani na mama kuvaa kitu au kuvua. Watoto wengi wa namna hiyo huzaliwa salama. Lakini wapo ambao moyo au figo huwa na tatizo, na wengine hawakui vizuri, kwa hiyo atapimwa zaidi, na asithubutu kuzalia nyumbani.

Hofu aliyoizoea Anifa ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pakawekwa nyingine asiyoijua hata sura.

"Lala nikupime tumbo, tuone kama anakua," Elieshi akasema, na kutoka ndani ya koti lake jeupe, shingoni, akavuta futi ya njano.

Bibi Hadija alishtuka waziwazi. "Na wewe unavaa hiyo? Umezaa?"

"Wanne, bibi. Na wote niliwabeba nikiwa kazini hapahapa."

Bibi akatazama dirishani.

Tumbo lilikuwa la kutosha kwa umri wa mimba. Kipimo kilichofuata kilionyesha moyo mzima na figo mbili. Hata hivyo Anifa hakuamini mpaka siku alipojifungua, pale Elieshi alipomwonyesha ncha ya kamba iliyokatwa: matundu mawili tu. Aliyatazama kwa muda mrefu. Mtoto wa kike, mdogo wa mwili, alikuwa akilia kwa hasira pembeni.

Bibi aliingia, akamtazama mjukuu kidole kwa kidole. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa futi, iliyochakaa kwa kufungwa na kufunguliwa.

"Chukua," alisema. "Ila ukibeba mimba nyingine, utanipa tena."

Anifa akaivaa.